Zizi Kwenye Mahame Yetu

Mama alinipigia simu asubuhi nikiwa nafungua duka langu la khanga na vitenge pale Mtama. Hakusalimu. Mama hapendi simu. Huishika mbali na sikio, na huongea kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya bonde. Alisema, "Njoo. Ng'ombe wamelala juu ya bibi yako." Kisha akakata.

Nilimpigia mdogo wangu wa kiume, ambaye wakati ule alikuwa mwenyekiti wa kitongoji kijijini kwetu, nikamuuliza mama ana nini. Akasema mama hana kitu. Wafugaji wamehamia kwenye mahame yetu na wamejenga zizi mahali penye makaburi. "Nakwenda na mgambo," akasema. Nikamwambia asiende na mgambo wala na mtu yeyote mpaka nifike.

Mahame ni pale wazee wetu walipokuwa wakikaa kabla ya watu kukusanywa vijijini. Mimi sikumbuki kuhama kwetu, maana nilikuwa mgongoni. Mama ndiye anayekumbuka. Anasema walibeba vyungu, kuku na mlango wa nyumba, na bibi yake alikaa kizingitini akikataa kuinuka mpaka mjomba mmoja akambeba kama mtoto. Serikali ilitaka watu wakae pamoja kando ya barabara ili wapate shule, zahanati na maji. Shule tulipata mapema. Zahanati ilichelewa sana. Maji tuliendelea kuyafuata kulekule tulikotoka, na mama anaposimulia jambo hilo hucheka.

Bibi yake huyo alifariki muda mfupi baada ya kuhama, na wakamrudisha kumzika kule mahameni pamoja na watu wake. Kwetu Wamwera mtoto ni wa ukoo wa mama, na makaburi anayoyajali mtu kwanza ni ya upande huo. Kila mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo, tulikuwa tunakwenda kuyafagia. Mjomba wetu mkubwa ndiye aliyekuwa akitangulia na unga wa mtama kwenye kibakuli. Alipofariki, hapakubaki mjomba mwingine, na kazi ikamwangukia mama. Wapo walionung'unika kwamba mwanamke hawezi kusimamia mambo hayo. Wapo pia vijana waliotoka kusoma dini Dar es Salaam, waliosema kumwaga unga kaburini ni shirki. Mama aliwasikiliza wote. Akaanza kumwita mwalimu wa madrasa asome Yasini kwanza, yeye anaitikia dua, na mwalimu akishaondoka, anamwaga unga wake. Nilipomuuliza alinijibu, "Mungu namwomba. Bibi namsalimia tu."

Basi nilifika kijijini siku ya pili, na tukaenda watatu: mama, mdogo wangu na mimi. Pikipiki zilitufikisha mwisho wa mashamba ya mikorosho, na kutoka hapo tukashika njia ya miguu. Mama alitangulia. Mdogo wangu alikuwa nyuma, panga mkononi, na njia nzima alikuwa akinieleza mambo ambayo nilishayasikia Mtama: kwamba wafugaji wamejaa kuanzia Kilwa mpaka huku kwetu, kwamba wanapewa ardhi na watu wasiojulikana, kwamba ng'ombe mmoja akiingia kwenye ufuta hesabu ya mwaka mzima imekwisha. Sikumbishia. Sisi si watu wa ng'ombe. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto nilipomwona ng'ombe kwa karibu, na hata sasa akinitazama nageuza njia.

Tuliisikia harufu kabla hatujaona kitu. Kisha tukaona zizi la matawi ya miiba, limezunguka uwanja wote uliokuwa mbele ya nyumba ya bibi, na pembeni yake nyumba mbili za nyasi, mpya. Mwanamke mmoja alikuwa amekaa chini akitikisa kibuyu cha maziwa. Alivaa viatu vya tairi na alikuwa na khanga iliyochakaa mpaka maandishi yake hayasomeki. Ng'ombe wengi walikuwa wamekwenda malishoni. Waliobaki ni ndama na majike waliozaa karibuni. Walikuwa wamelala ndani ya zizi wakicheua, na mawe ya makaburi yetu yalikuwa katikati yao. Mengine yalikuwa yameanguka. Udongo ulikuwa umekanyagwa mpaka ukawa unga.

Mdogo wangu alianza kupaza sauti. Mama akamnyamazisha kwa mkono, akaenda mpaka kwa yule mwanamke na kusimama mbele yake. Yule mwanamke aliweka kibuyu chini, akainama kidogo, akasema, "Mwangaluka, mayu."

Mama hakuelewa, wala hakujua bado kwamba mayu kwao ni mama, ila alijua ni salamu. Akajibu kwa Kimwera. Sasa na yule naye hakuelewa. Wakatazamana, na mimi nikaona ajabu kwamba wote wawili walikuwa karibu kucheka.

"Karibuni," yule mwanamke akasema kwa Kiswahili. "Baba yuko mtoni. Anakuja."

"Hapa mmelaza ng'ombe," mama akasema, "pana watu."

Yule mwanamke akageuka kutazama zizi. Nilimwona akiyatazama yale mawe kwa mara ya kwanza kama mawe yaliyopangwa na mtu. Akashika mdomo.

"Tuliona mawe tu, mayu. Hatukuona watu. Hapakuwa na nyumba, hapakuwa na njia."

Hilo lilikuwa kweli. Nyumba zilishaoza siku nyingi, na njia tuliyopita sisi tulikuwa tunaifungua upya kila mwaka.

Mume wake alikuja baadaye, mzee mrefu, mwembamba, ana fimbo begani na redio ndogo shingoni. Alimwamkia mama shikamoo, mama akajibu marahaba, na mdogo wangu akakataa mkono wake. Yule mzee hakuonyesha kuudhika. Aliagiza kiti, mama akakikalia, sisi tukakalia gogo. Mdogo wangu akamwambia kwamba yeye ndiye mwenyekiti wa kitongoji, na kwamba hapo wamevamia.

"Mwenyekiti," yule mzee akasema, "sisi tumetoka mbali. Tulikuwa kwenye mbuga, tukaambiwa mbuga ni ya wanyama, ondokeni. Tukahamia bondeni, tukaambiwa bonde ni la maji ya umeme, ondokeni. Tukaambiwa kusini kuna ardhi, nendeni kusini. Ng'ombe wengine walikuja kwa malori, wengine kwa miguu, na wengine walikufa njiani kwa mbung'o. Hapa nilioneshwa na mtu wa kijiji chenu. Sitamtaja mbele ya watu. Lakini sikuja usiku."

Mdogo wangu aliinamisha macho. Baadaye aliniambia kwamba alimjua mtu huyo ni nani, na kwamba wote walio kwenye uongozi walimjua.

"Ya ardhi mtayamaliza ofisini," mama akasema. "Mimi nimekuja kwa bibi yangu. Unalazaje ng'ombe juu ya mtu?"

Yule mzee alivuta kigoda chake karibu. Alisema neno ambalo sikulitarajia, na nimelifikiria mara nyingi tangu siku ile.

"Mama, kwetu mwenye mji akifa tunamzika ndani ya zizi. Ng'ombe wanalala juu yake. Ni heshima. Asiye na ng'ombe juu yake amezikwa kama mgeni. Kama ningejua hapa pana watu, ningekuja kuomba ruhusa. Lakini sikuwatukana. Moyo wangu ungeona nimewafunika blanketi."

Kisha mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Bibi yangu!" akasema. "Bibi yangu alikuwa anaogopa mbuzi! Mbuzi akipita uani, anapanda kitandani. Leo amelaliwa na ng'ombe!"

Yule mzee naye akacheka, na mke wake, na mimi. Mdogo wangu peke yake hakucheka. Ilikuwa vigumu kwake, naelewa. Sisi tulikuwa tumekwenda kwa bibi yetu. Yeye alikuwa amekwenda kama serikali.

Walitoa ndama wote mle zizini. Tulifagia kwa matawi, tukasimamisha mawe yaliyoanguka, na pale ambapo mama hakuwa na hakika jiwe ni la nani, alikisia. Safari ile hatukuwa na mwalimu wa madrasa, hivyo mdogo wangu ndiye aliyesoma dua, akiwa bado amenuna, na tukaitikia amina. Yule mzee na mke wake walisimama nje ya miiba, kimya, mikono imeshikana mbele. Mama alipotoa unga, yule mwanamke alikwenda nyumbani akarudi na maziwa kwenye kata, akamwonyesha mama kwa ishara kwamba angependa kumwaga kidogo.

Mama alifikiri. "Hapana," akasema taratibu. "Ahsante, lakini hawakuzoea maziwa. Yatawashtua." Akayapokea, akayanywa yeye mwenyewe yote. Nilijua hapendi maziwa.

Wakakubaliana kwamba zizi litasogezwa upande wa pili, na makaburi yatazungushiwa miiba ng'ombe wasifike. Walifanya hivyo. Mama alikwenda mwenyewe kuhakikisha, na tangu hapo akawa anakwenda mara kwa mara, akipeleka mihogo mikavu na kurudi na samli. Wao walimfundisha jinsi samli inavyotengenezwa. Yeye alimfundisha yule mwanamke namna ya kuloweka mihogo michungu ili isimdhuru mtu. Waliongea Kiswahili kibovu wote wawili, kila mmoja akilaumu ubovu wa mwenzake.

Hali haikukaa hivyo. Msimu uliofuata, ufuta ulipokaribia kukatwa, ng'ombe waliingia kwenye shamba la jirani yetu mmoja, baba wa watoto wengi, na kulimaliza lote. Haikujulikana ni ng'ombe wa nani. Mahameni palikuwa na mji mmoja tu, yaani kaya ya yule mzee, lakini kufikia wakati huo miji mingine ya wafugaji ilishaenea mpaka bonde la chini. Sisi tuliwaita wote Wamang'ati, hata huyu mzee wetu ambaye ni Msukuma na aliyechoka kutuambia hivyo. Vijana wa kijiji hawakuuliza. Walichukua mapanga na mikuki ya nguruwe, wakakutana na vijana wa wafugaji njiani. Kijana mmoja wa upande wao alikatwa mkono. Mmoja wa upande wetu alipigwa fimbo ya kichwa na hakuzungumza sawasawa kwa muda mrefu. Namshukuru Mungu kwamba hakufa mtu. Sehemu nyingine walikufa.

Mkutano wa kijiji uliitishwa kwenye uwanja wa shule. Nilikwenda, nikakaa na wanawake upande wa mbele. Mezani walikaa mtendaji wa kijiji, mdogo wangu na bwana mmoja wa wilayani, na pembeni askari wawili. Wafugaji walikuja wachache, wakakaa nyuma kwa mstari mmoja. Kila aliyesimama alisema jambo lilelile: waondoke. Yule jirani yetu alipoeleza habari za ufuta wake, alikaa chini kabla ya kumaliza, na hakuna aliyemcheka.

Mama akanyoosha mkono. Nilimvuta khanga, lakini alishasimama.

"Mimi nilihamishwa," akasema. "Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa. Tuliambiwa inukeni, tukainuka, na hakuna aliyetuuliza. Ninajua ilivyo. Nasema hivi, wenye kosa walipe, na ambao hawana kosa waonyeshwe mahali pa kukaa. Msiwaambie tu inukeni."

Kijana mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, "Bibi umenyweshwa maziwa!" Watu wakacheka. Mwingine akaongeza, "Mwulizeni anatoa wapi samli!"

Mama alisimama pale akitafuta neno. Alimtazama mwanawe mezani, na mwanawe akatazama karatasi zake. Kisha mama akakaa. Nikaushika mkono wake.

Nilimlaumu mdogo wangu kwa muda mrefu kwa ajili ya dakika ile. Sikumwambia. Uchaguzi wa vitongoji ulikuwa karibu na alijua kwamba neno moja la kumtetea mama lingemmaliza. Na tena hakuwa mnafiki. Yeye aliamini kweli kwamba wafugaji waondoke. Alikuwa mtoto wa mama na alikuwa hakubaliani naye, basi. Nyumba nyingi za kwetu zilikuwa hivyo mwaka ule.

Iliamuliwa wafugaji wote wahamie kwenye eneo lililotengwa ng'ambo ya mto, na wasivuke na mifugo bila ruhusa ya kijiji. Yule aliyelishiwa ufuta aliahidiwa fidia, akapata sehemu. Mtu wa kijiji chetu aliyewaonyesha wafugaji mahame hakutajwa mkutanoni, na hajatajwa mpaka leo.

Mama alikataa kwenda kuwaaga. Alisema hana uso. Niliyekwenda ni mimi. Nilimkuta yule mwanamke akifunga vibuyu kwa kamba, na mume wake akibomoa paa, nyasi akizitenga zile zinazofaa kutumika tena. Nikamwambia mama anawasalimu. Akauliza kama mama ni mgonjwa. Nikasema hapana, ana haya. Alifikiri kidogo kisha akasema, "Mwambie mayu, sisi tumezoea." Sikumfikishia mama maneno hayo. Nilimwambia wamemsalimu.

Mdogo wangu alishinda uchaguzi kwa kura nyingi. Nilitegemea mambo yangeishia hapo, kila mmoja upande wake wa mto.

Ila mvua za kwanza ziliponyesha, watu wetu walionekana wakivuka mto kwenda kwa wafugaji. Kilimo cha ufuta kilikuwa kimepanuka, kila mtu anataka shamba kubwa, na jembe la mkono halifiki mbali. Trekta lililokuwa likikodishwa lilikuwa moja na halikuwa linapatikana. Ng'ambo kulikuwa na maksai na majembe ya kukokotwa. Aliyeanza, aliyekwenda kwa aibu akizungukia juu ya mto ili asionekane, ni yule jirani aliyelishiwa ufuta. Akafuata mwingine. Mwaka uliofuata, mdogo wangu alisimama mbele ya mama akijikuna shingo, akasema amemwita yule mzee aje amlimie.

"Kwa ruhusa ya kijiji?" mama akauliza.

"Ruhusa naitoa mimi, mama."

"Haya," mama akasema, na akaendelea kupepeta choroko zake.

Yule mzee alikuja na maksai na wanawe. Mama alitoka kwenda kumsalimia, akarudi haraka. Aliniambia baadaye kwamba alitaka kumwomba msamaha, lakini mzee alianza mara moja kumweleza habari za ng'ombe aliyezaa mapacha, na hakupata nafasi ya kuliingiza. Mdogo wangu akajifunza kushika jembe. Nilimwona siku moja akitembea nyuma ya maksai, matope mpaka magotini, akiwaamrisha kwa maneno ya Kisukuma, na wale wanyama wakimtii.

Watoto wao wakaanza kuvuka kuja shule. Sasa wapo wanaosema Kimwera mchezoni, hasa matusi. Wapo wajukuu wa mama wanaojua kuhesabu kwa Kisukuma. Bado pana ugomvi. Mwaka jana mfugaji mmoja alilisha mbaazi za watu na akafikishwa mahakamani Lindi, na wapo wazee wa kwetu ambao mpaka leo hawaitikii salamu yao. Katika halmashauri ya kijiji yumo kijana mmoja wa ng'ambo, amechaguliwa kwa kura, na mdogo wangu analalamika kwamba anazungumza mno.

Juzi yule mwanamke alikuja Mtama siku ya gulio na samli, akapita dukani kwangu. Alichagua khanga muda mrefu. Alitaka nimsomee maandishi ya kila moja kabla hajaamua, na zilizosema habari za majirani wenye wivu alizirudisha. Nilimpa chai. Tulipokuwa tunakunywa akaniambia, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba wamepanda mikorosho.

Niliweka kikombe chini. Mtu wa kwetu akisikia neno hilo anaelewa. Mihogo unapanda leo, unahama mwakani. Mkorosho unaupanda ili wajukuu waokote.

"Mingi?" nikauliza.

"Kiasi. Mbegu alitupa mayu."

Mama hakuwa ameniambia. Jioni nikampigia simu, nikamwuliza kama mdogo wangu anajua kwamba ng'ambo ya mto wafugaji wamepanda mikorosho, kwa mbegu zilizotoka ghalani kwa mama mwenyewe. Akasema anajua, amelalamika, amechoka, amenyamaza. Nikamwuliza yeye mwenyewe anaonaje. Nilisikia kuku wake nyuma, nikadhani amekata.

"Wamepanda vibaya," akasema kwa ile sauti yake ya bondeni. "Wamebananisha. Nimewaambia wang'oe mmoja, waache mmoja, hawanisikii. Ukimwona huyo mama tena, mwambie mkorosho unataka nafasi."